MICHAEL FARADAY (1791–1867): MTOTO WA MFUA VYUMA ALIYETAFUTA SAYANSI NJE YA MASOMO



Wengi katika sisi tuko katika seksyo ya sayansi, na kuna swali moja tunalisikia kila mara, katika intena na hata njiani tukitoka kanisani: mtu atajifunza sayansi namna gani kama masomo yake haina vyombo? Fizike tunaiandika kwa choki na kwa biki. Shimi tunaijua kwa rangi ambazo mwalimu anatueleza, si kwa rangi ambazo tumeziona. Mtihani wa Taifa utatuuliza juu ya sirkwi ya umeme, na wengine wetu hatujagusa bado uzi mmoja wa shaba. Swali hili si la mchezo. Kuna wenzetu wenye akili nzuri ambao wamekwisha kusema wataacha ile njia, si kwa kushindwa hesabu, lakini kwa kukosa mahali pa kutumikisha mikono yao.

Juu ya ile, mara hii tumechagua kueleza maisha ya Michael Faraday. Jina lake tunalikuta katika kaye ya fizike ya mwaka wa sita, na wengi wanafikiri alikuwa profesa tangu kuzaliwa. Hapana. Masomo yake ilikuwa kidogo kuliko ya mtoto wa mwaka wa kwanza hapa kwetu. Hatumwelezi kusudi tuseme kwamba umaskini ni kitu kizuri. Tunamweleza kwa sababu njia yake inajulikana hatua kwa hatua, na katika kila hatua mtu anaweza kuona ni nani aliyemsaidia, na alimsaidia kwa kitu gani.

KUZALIWA NA MASOMO

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali panapoitwa Newington Butts, ambapo leo ni ndani ya mji wa London, Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mfua vyuma aliyetoka kaskazini mwa inchi kutafuta kazi mjini. Watoto walikuwa wane, na Michael alikuwa wa tatu. Baba alikuwa mgonjwa-mgonjwa, siku zingine hakuweza kuinua nyundo. Katika mwaka 1801 bei ya ngano ilipanda sana, na inasimuliwa kwamba Michael alikuwa anapewa mkate mmoja tu, na huo mkate ulipaswa kumtosha juma zima. Alikuwa na miaka 9.

Katika masomo alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofikia miaka kama 13 akaacha. Hakuna mtu alimfundisha fizike, hakuna mtu alimfundisha shimi. Na kitu kimoja tukiweke mapema: hesabu ya juu hakuijua mpaka kufa kwake. Tutarudia neno hili mbele.

DUKA LA VITABU

Katika mwaka 1804 alipata kazi kwa bwana George Riebau, mwenye duka la vitabu katika Blandford Street. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutembeza magazeti. Wakati ule gazeti lilikuwa bei kali, watu walikuwa wanaliazima: kijana analipeleka nyumba hii, anangoja, analichukua, analipeleka nyumba ingine. Kisha mwaka mmoja, tarehe 7 Oktoba 1805, Riebau alimwandika kuwa mwanafunzi wa kazi kwa miaka 7, ajifunze kushona na kufunika vitabu. Kwa desturi wazazi walipaswa kulipa feza kwa mkataba wa namna hii. Riebau hakuomba kitu, kwa sababu alimwona kijana kuwa mwaminifu.

Sasa tuangalie vizuri. Vitabu vilikuwa vinaletwa dukani ili vishonwe. Mikono ya Faraday ilikuwa inashona, na macho yake ilikuwa inasoma. Siku moja aliletewa kufunika kitabu cha Encyclopaedia Britannica, na ndani yake akakuta maneno marefu juu ya umeme. Kitabu kingine kilichomshika kilikuwa Conversations on Chemistry, kilichotoka mwaka 1806. Kilieleza shimi kwa namna ya mazungumzo kati ya mwalimu mwanamke na wanafunzi wawili wasichana. Mwandishi alikuwa mama mmoja, Jane Marcet, na mwanzoni jina lake halikuandikwa hata juu ya kitabu. Dada zetu wanaoambiwa kwamba shimi si kazi ya wasichana wakumbuke hili: mtu aliyemwonyesha Faraday mlango wa shimi alikuwa mwanamke.

Lakini Faraday hakuridhika na kusoma. Kila kitu alichokisoma alitaka kukijaribu, kwa kipimo cha feza yake. Alitengeneza mashini ndogo ya umeme wa kusugua, ya kwanza kwa chupa tu. Jioni kazi ilipokwisha, alikuwa anafanya majaribio ya shimi kwa vitu vya makuta machache. Riebau alikubali. Mabwana wengi wangeona moshi na chupa dukani katikati ya vitabu vya watu, wangemfukuza siku ileile. Yeye hakumfukuza.

Kulikuwa tena na kitabu cha tatu, nacho hakikuwa cha sayansi. Kiliandikwa na Isaac Watts, mchungaji yuleyule aliyetunga nyimbo nyingi ambazo makanisa ya Kiprotestanti inaziimba mpaka leo. Kitabu kile kilifundisha namna mtu anaweza kujifundisha mwenyewe: awe na kaye ya kuandika mambo anayoyasoma, aende kusikiliza wenye kufundisha, azungumze na wenzake juu ya mambo aliyoyasikia, na aandikiane barua na rafiki. Faraday aliyafuata maneno haya moja kwa moja, kama vile mtu anafuata maagizo ya munganga.

SHILINGI YA ROBERT

Katika mwaka 1810 Faraday aliona karatasi imebandikwa dirishani mwa duka moja. Ilisema kwamba bwana John Tatum, fundi wa feza, anafundisha sayansi nyumbani kwake, 53 Dorset Street, saa mbili ya usiku, na kiingilio ni shilingi moja.

Shilingi moja ilikuwa kitu gani? Tuwaze hivi: miaka mitatu kisha, Faraday alipokuwa na kazi kamili, alilipwa shilingi 25 kwa juma. Kwa mwanafunzi wa kazi asiye na mshahara, shilingi moja ilikuwa mlima. Yule aliyelipa alikuwa kaka yake mkubwa, Robert, ambaye alifuata kazi ya baba yao ya kufua vyuma. Robert mwenyewe hakuwa mtu wa sayansi. Baba yao alikufa mwezi wa Oktoba wa mwaka uleule, 1810, na jamaa ilikuwa na mizigo. Hata hivyo shilingi ilitoka. Kati ya Februari 1810 na Septemba 1811 Faraday alihuzuria mafundisho zaidi ya kumi kwa Tatum.

Pale kwa Tatum kulikuwa na kikundi cha vijana, kilichoanzishwa mwaka 1808. Kwa Kingereza kiliitwa City Philosophical Society. Msifikiri walikuwa wakubwa. Wengi walikuwa vijana wa kazi, makarani na wanafunzi wa ufundi, watu ambao iniversite haikuwa na mlango kwa ajili yao. Walikuwa wanakutana jioni, mmoja anasimama kueleza jambo, wengine wanauliza. Walikuwa na vyombo kidogo, na vitabu vya kuazimana. Ndiyo ilikuwa iniversite ya Faraday.

Huko alipata rafiki, Benjamin Abbott, kijana karani aliyekuwa amesoma kumpita. Kuanzia Julai 1812 wakaanza kuandikiana barua juu ya sayansi, ijapo wote walikaa mji mmoja. Faraday alifanya vile kusudi ajizoeze kusema wazo lake kwa maneno yaliyo wazi. Tena katika nyumba ya Riebau alikaa mchoraji mmoja, Masquerier. Faraday alikuwa anamfagilia chumba na kumpakia viatu dawa, naye Masquerier akamfundisha kuchora vyombo ili vionekane sawasawa. Hakuwa na feza ya kulipa mwalimu, basi alilipa kwa brosi na kwa ufagio.

PILE YA MAKUTA SABA

Katika barua ya kwanza kwa Abbott, mwezi wa Julai 1812, Faraday alieleza jaribio alilolifanya mwenyewe. Tunalieleza hapa kwa urefu kidogo, maana ni jambo ambalo hata sisi tunaweza kulifanya.

Miaka 12 mbele, Mwitalia Alessandro Volta alikuwa amegundua pile, yaani ile kitu ambayo leo tunaitia ndani ya redio na tochi. Faraday alitaka kuwa na ya kwake. Alikata vipande saba vya zinki, mviringo, ukubwa wa feza ya shaba ya nusu peni. Juu ya kila kipande aliweka nusu peni moja. Katikati ya jozi na jozi aliweka karatasi iliyoloweshwa katika maji ya chumvi. Jozi saba, karatasi sita. Hiyo tu. Akaunganisha nyuzi mbili, akaziingiza katika maji yenye chumvi ya magnezi, ile dawa ya tumbo, na akaona chumvi inaanza kuachana vipande-vipande kwa nguvu ya umeme.

Zinki inakuliwa kidogo kidogo na maji ya chumvi, inaacha umeme wake. Umeme ule unapita katika uzi mpaka kwenye shaba. Jozi moja iko na nguvu ndogo sana, lakini ukiziweka moja juu ya ingine, nguvu inajumlishwa. Kipande cha manjanja ya zamani kiko na zinki juu yake. Shaba inapatikana katika waya iliyotupwa. Karatasi na chumvi ziko kila nyumba. Jozi saba zilizopangwa vizuri zinaweza kuwasha kamwanga kadogo ka LED, kale ka tochi ya kisasa. Tunaonya tu: mtu asijaribu kitu chochote na umeme wa ukutani, na asipasue mapile ya redio, maana ndani mna dawa yenye kuunguza.

TIKITI NNE

Sasa tunafika mahali ambapo njia iligeuka. Faraday alikuwa ameandika mafundisho ya Tatum kwa usafi, pamoja na picha za vyombo, na kwa ufundi wake akayashona kuwa vitabu vinne. Riebau aliona fahari, akawa anavionyesha wateja wake. Mmoja wa wale wateja alikuwa wa jamaa ya bwana William Dance. Dance aliposikia na kuona, akampa kijana tikiti za kumsikiliza Sir Humphry Davy katika Royal Institution, nyumba kubwa ya sayansi ya London. Davy alikuwa mwana-shimi mwenye sifa kuliko wote wa Uingereza. Yeye ndiye aliyegundua sodiumu na potasiumu katika mwaka 1807.

Faraday alimsikiliza mara nne, kati ya Februari na Aprili 1812, akikaa juu, karibu na saa ya ukutani. Aliandika mambo yote, akaongeza picha, akashona kitabu kingine.

Lakini mlango haukufunguka mara moja. Aliandika barua kwa Sir Joseph Banks, mkubwa wa Royal Society, kuomba kazi yoyote ya sayansi, hata ya chini. Alirudi na kurudi kwa mlinzi wa mlango kuuliza jibu. Aliambiwa kwamba hakuna jibu. Mwezi wa Oktoba 1812 mkataba wake na Riebau ukaisha, akaenda kufanya kazi ya kushona vitabu kwa bwana mwingine mwenye hasira, na moyo wake ukavunjika.

Ndipo, mwezi wa Desemba 1812, alipomwandikia Davy mwenyewe, na pamoja na barua akamtumia kile kitabu cha mafundisho. Davy alijibu tarehe 24 Desemba. Walionana mwanzo wa mwaka 1813. Davy alikuwa mwema, lakini alimshauri abaki na kazi yake ya vitabu, kwa sababu nafasi haikuwepo. Kisha majuma machache, msaidizi wa labo alifukuzwa juu ya kupigana. Davy akakumbuka yule kijana wa kitabu. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliandikwa kazi: shilingi 25 kwa juma, vyumba viwili juu ya nyumba, kuni na mishumaa. Alikuwa na miaka 21. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kuwasha moto na kutayarisha vyombo vya mafundisho.

Watu wengi wanasema alikuwa na bahati. Ndiyo, bahati ilikuwapo. Lakini kama kitabu kile hakingekuwa mikononi mwa Davy, Davy angemkumbuka nani?

KAZI ZAKE KUBWA

Kutoka Oktoba 1813 mpaka Aprili 1815 alisafiri na Davy katika Ulaya. Katika safari ile bibi ya Davy alimtendea kama boyi, na mara nyingi alitaka kurudi nyumbani. Lakini katika Paris alimwona Ampère, na katika Milan alimwona Volta mwenyewe, mzee wa pile.

Aliporudi, tendo lake moja linatupendeza sana. Katika Januari 1816 alisimama mbele ya kile kikundi cha vijana, City Philosophical Society, akawafundisha shimi. Mahali alipokuwa ameingia kwa shilingi ya kaka yake, sasa alikuja kutoa.

Katika mwaka 1821 alioa Sarah Barnard, na mwaka uleule akakiri imani yake katika kanisa la Wasandemania, kanisa dogo la Kiprotestanti ambalo wazazi wake walikuwa wanasali. Alikuwa shemasi, na baadaye mzee wa kanisa. Hakutafuta utajiri, na alipoombwa kuwa mkubwa wa Royal Society alikataa.

Mwezi wa Septemba 1821 alifanya uzi wenye umeme uzunguke sumaku bila kusimama. Kila mota, iwe ya kinu cha mahindi, iwe ya vantilateri, ilianzia pale. Katika mwaka 1825 aligundua benzeni, ambayo wenzetu wa bioshimi wanaichora kwa pembe sita.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, upana wake karibu santimetre 15. Upande mmoja alizungusha uzi wa shaba uliofunikwa, na upande wa pili uzi mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Uzi wa kwanza aliuunga na pile, wa pili aliuweka karibu na sindano ya sumaku. Alipounga pile, sindano ikaruka, kisha ikatulia. Alipoitoa, ikaruka tena, upande mwingine. Umeme ulikuwa umepita kutoka uzi mmoja kwenda mwingine pasipo kugusana, na tu wakati wa kubadilika. Mwezi wa Oktoba aliingiza sumaku ndani ya uzi uliozungushwa, akaitoa, akaiingiza, na kila mara umeme ulionekana. Basi siri ikajulikana: sumaku ikitembea karibu na shaba, umeme unazaliwa.

Ndugu wasomaji, maji ya Ruzizi karibu na Bukavu, maji ya Inga, yanafanya kazi ileile. Maji yanaanguka, gurudumu linazunguka, sumaku inapita mbele ya nyuzi za shaba. Balbu ikiwaka, ni jaribio la 1831 linarudiwa. Na zile kanuni alizozitoa katika miaka 1833 na 1834, juu ya kipimo cha madini kinachoachana kwa kipimo cha umeme, ndizo zinazohesabiwa katika viwanda vinavyotoa shaba safi kwa umeme, kama vile Likasi. Shaba ya Katanga inapita katika kanuni ya mtu aliyeanza na nusu peni saba.

Juu ya hesabu tulisema tutarudia. Faraday hakuweza kuandika mambo yake kwa hesabu za juu. Aliyachora: mistari inayotoka kwenye sumaku na kurudi, ile ambayo vumbi la chuma linaionyesha juu ya karatasi. Wengine walimdharau kidogo. Kisha James Clerk Maxwell, kijana wa Scotland aliyejua hesabu sana, alichukua ile mistari na kuigeuza kuwa hesabu, kuanzia miaka ya 1850. Haikuonekana kwamba mchoro ulikuwa wa kijinga. Ulionekana kuwa sahihi. Hii haimaanishi mtu aache hesabu. Inamaanisha kwamba mmoja anaweza kuona, mwingine anaweza kuhesabu, na kazi inawahitaji wote wawili.

Kaye hakuiacha kamwe. Majaribio yake aliyapa namba, moja baada ya ingine, na namba ilipita 16,000. Ndani yake mna majaribio mingi ambayo haikufaulu, na hizo pia aliziandika.

WATOTO WA LONDON

Faraday hakusahau namna alivyokosa. Royal Institution ilikuwa imeanza mafundisho ya Noeli kwa vijana katika mwaka 1825. Kutoka 1827 mpaka 1860 yeye alifundisha mara 19. Mafundisho yake yenye sifa kuliko yote ilikuwa juu ya mshumaa, yaani buji ya kawaida: nini inaungua, kwa nini moto una rangi, moshi ni kitu gani, maji inatoka wapi katika moto, na pumzi ya mtu inafanana namna gani na buji. Yalitoka katika kitabu mwaka 1861. Angeweza kuleta mashini kubwa. Alileta kitu ambacho kila mtoto, hata wa maskini, alikuwa nacho nyumbani, kusudi akirudi aweze kujaribu mwenyewe. Mafundisho ya Noeli inaendelea mpaka leo.

Katika uzee akili yake ilichoka, alikuwa anasahau mambo. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London. Jina lake limebaki katika kipimo cha kondensateri: faradi.

MAFUNDISHO KWETU

Tukitazama maisha haya, tunaona mambo mawili, na hatupaswi kuchukua moja na kuacha ya pili.

La kwanza ni upande wa kijana. Faraday hakungoja. Aliandika kila kitu kwa usafi, alijaribu kwa vitu alivyovipata, alitafuta wenzake, aliomba bila haya, na alipokosa jibu kwa mmoja aliomba kwa mwingine. Kaye ya mwanafunzi si ya kujazwa tu kwa ajili ya mtihani. Ni barua ya kujulisha mtu, na hatujui itafika mikononi mwa nani.

La pili linasahauliwa mara nyingi. London ilikuwa na vijana wengi wa kazi wenye akili, na majina yao hatuyajui. Faraday tunamjua kwa sababu mfua vyuma alitoa shilingi, mwenye duka alivumilia moshi, fundi wa feza alifungua nyumba yake jioni, mchoraji alifundisha kuchora, na mteja alitoa tikiti nne ambazo angeweza kuzitumia yeye mwenyewe. Hakuna mmoja wao aliyejenga labo. Kila mmoja alitoa kitu kidogo alichokuwa nacho tayari. Mwanafunzi anayeambiwa ajitegemee tu, bila mtu kumpa ile shilingi, ameambiwa nusu ya habari.

Kwa hiyo sisi wa mwaka wa sita tumepatana hivi. Kila siku ya posho, kisha kazi za mikono, tutakutana katika darasa letu kwa saa moja. Atakayependa aje, wa seksyo yoyote, wa kike na wa kiume, kuanzia mwaka wa kwanza. Kila mara mmoja ataeleza jambo moja na kuonyesha jaribio moja kwa vitu vya kuokota. Jaribio la kwanza litakuwa pile ya jozi saba. Kila mtu alete kipande cha shaba ao cha manjanja. Tunaomba kwa heshima mwalimu mmoja akubali kukaa nasi, kwa usalama na kwa kutusahihisha. Wazazi na wazee wa kanisa wenye kazi ya redio, ya mota, ya kuchomea vyuma ao ya dawa katika hospitali, kama mmoja wao atatupa jioni moja kwa mwezi, tutamsikiliza na makaye yetu wazi.

Na kisha Mtihani wa Taifa, makaye yetu ya fizike na ya shimi hatutayabeba nyumbani. Tutayashona vizuri, tutayapa kifuniko, na kuyaacha katika bibliotheke. Majina yetu yatakuwa ndani, ili mtu akikuta kosa ajue nani wa kuuliza.

Kapita Mkuu wa Wanafunzi,
Mwaka wa Sita, kwa jina la wenzake